Maisha ya Salim Bey: Askari Aliyeshika Neno Lake

Hapana habari ya asili ya Wanubi wa Uganda inayoweza kuelezwa kwa ukamilifu pasipo kulitaja jina la Salim Bey. Hakuwa mfalme wala sultani, wala hakuacha kitabu. Alikuwa mtu wa kazi, yaani askari wa mshahara, aliyepanda cheo kwa cheo katika jeshi la Misri hata akapewa heshima ya kuitwa Bey. Watu wengi walimpita kwa elimu na kwa mali. Lakini katika zama ambazo kila mwenye nguvu alitaka kumtumia kwa matakwa yake, yeye alitumika kwa uaminifu na wakati huohuo akabaki kuwa Salim, na kwa jambo hilo anastahili kukumbukwa.

Mkoa alioutumikia uliitwa Equatoria, nao Waarabu waliuita Khatt al-Istiwa. Serikali ya Misri iliuanzisha mwaka 1871, na ngome zake zilipangwa kandokando ya mto Nile kutoka Lado na Rejaf kwa upande wa kaskazini hata Dufile na Wadelai kwa upande wa kusini. Dufile na Wadelai zote mbili zilikuwa katika ukingo wa magharibi, katika nchi ambayo baadaye iliitwa West Nile. Askari wa ngome hizo walitoka katika makabila mengi ya Sudani, wakaunganishwa na kazi ya bunduki, na dini ya Kiislamu, na lugha ya Kiarabu cha kambini, ambacho watoto wao wamekirithi kwa jina la Kinubi. Ukweli hauna budi kusemwa pia kwamba ngome hizo ziliishi kwa nafaka na ng'ombe wa wenyeji, na mara nyingi vitu hivyo vilichukuliwa kwa nguvu, na watu nao wakachukuliwa pamoja navyo. Mababu wa Walugbara, Wakakwa, Wamadi na wengineo waliyaonja hayo. Salim alikuwa mtu wa jeshi hilo, naye hawezi kutengwa na mema yake wala na mabaya yake.

Mwaka 1878 Emin Pasha, tabibu aliyezaliwa Ujerumani na kuingia katika utumishi wa Misri, aliwekwa kuwa gavana wa mkoa huo. Hata mwaka 1885 wafuasi wa Mahdi walipouteka mji wa Khartoum na Gordon akauawa, njia ya kwenda Misri ilikatika. Emin alihamisha makao yake Wadelai. Tangu hapo askari hawakupata mshahara, wala nguo, wala baruti mpya, isipokuwa kidogo kilichofika kwa bahati. Waliendelea kupandisha bendera ya Khediwi wa Misri wakitumaini kwamba siku moja ataleta msaada. Miaka ilipita, na msaada haukuja.

Ulipokuja, ulikuja kwa njia wasiyoitazamia. Mwaka 1888 Stanley alikutana na Emin kando ya Ziwa Albert baada ya kukata misitu ya Kongo, mkononi ana barua za Khediwi zikiwapa askari hiari: warudi Misri pamoja naye, au wabaki kwa hatari ya nafsi zao. Wengi walizishuku barua hizo. Kwao njia ya Misri ilikuwa kaskazini, kwa Khartoum, na mgeni huyu alitaka wamfuate kwa njia nyingine kabisa. Tena nguo za watu wake zilikuwa zimeraruka, naye alidai ametumwa na dola tajiri. Mwezi wa Agosti 1888 maofisa waasi, ambao kiongozi wao mmoja alikuwa Fadl el Mulla, walimfunga Emin katika ngome ya Dufile pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley.

Wakati huo mtu aliweza kuchagua mojawapo ya njia mbili zilizokuwa nyepesi. Angeweza kujiunga na waasi kwa kelele, kwa kuwa nguvu ilikuwa kwao, au kujificha nyuma ya gavana na kungoja. Salim hakufanya hili wala lile. Alibaki miongoni mwa askari wenziwe na kushiriki katika mashauri yao, lakini hakukubali gavana wake adhulumiwe, akawa miongoni mwa maofisa waliosema kwa ajili yake. Mwezi wa Novemba Emin alifunguliwa, akapelekwa Wadelai.

Mwezi huohuo jeshi la Mahdi, lililokuwa limekwisha kuiteka Rejaf na kuua maofisa wengi, likashuka juu ya Dufile. Salim ndiye aliyesimamia ulinzi wa ngome. Mapigano yalikuwa makali, na adui aliingia hata ndani ya maboma, lakini mwisho alirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Waliokuja kumpiga walikuwa Waislamu kama yeye, nao walimwita upande wao kwa jina la dini. Salim hakuona kwamba jina hilo peke yake lingeweza kumfungua katika kiapo alichomwapia Khediwi, wala kwamba lingewapa ruhusa kuwaua watu wake. Alipigana nao. Mwenye kutaka kufahamu mambo yaliyomfika miaka mitano baadaye hana budi kukumbuka siku za Dufile.

Mwezi wa Februari 1889 Salim alikwenda na maofisa wenziwe kwa Stanley, aliyepiga kambi kwa Kavalli, upande wa kusini magharibi wa Ziwa Albert, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Aliahidi kuwakusanya askari pamoja na wake na watoto, ili wote waondoke pamoja. Stanley alimpa muda hata Aprili 10. Muda huo ulikuwa mfupi mno. Mkoa ulikuwa mpana, merikebu zilikuwa mbili tu, na watu wa kubebwa walikuwa maelfu, pamoja na wazee na wagonjwa na watoto wachanga. Salim alipeleka barua akiomba angojewe. Stanley aliishika tarehe yake akaondoka, na Emin Pasha pamoja naye.

Waliompenda Stanley walimwita Salim mzembe, na wengine walimdhania hila. Ni kweli kwamba alikuwa mtu mzito wa mwendo, kwa mwili na kwa uamuzi. Lakini kilichomchelewesha ni kwamba hakutaka kuyaokoa maisha yake na kuwaacha wale waliomtegemea. Lau angetaka kwenda peke yake, nafasi alikuwa nayo.

Mambo yakazidi kuwa mazito. Fadl el Mulla na kundi kubwa walijitenga naye, wakachukua sehemu kubwa ya risasi, wakashika njia ya nyanda za juu za magharibi ya mto. Hao ndio ambao mwaka 1892 waliingia katika utumishi wa dola ya Kongo ya mfalme Leopold, na baadhi ya waliosalia kwao walichukuliwa na Waingereza mwaka 1894. Salim alirudi na waliomfuata hata kwa Kavalli. Akakuta kambi tupu. Stanley alikuwa amekwisha kwenda zake.

Kwa muda upatao miaka miwili Salim aliishi huko kwa Kavalli kama mtumishi asiye na bwana karibu. Hapakuwa na afisa wa kumkagua wala mhasibu wa kumlipa. Hata hivyo utaratibu wa jeshi haukuvunjika: vyeo vilishikwa, makarani waliandika, na bendera ya Misri haikuteremshwa. Watu walilima pamba wakafuma nguo zao wenyewe. Mtu afanyapo kazi yake sawasawa mbele ya msimamizi, sifa ni ya msimamizi pia. Afanyapo hivyo mahali ambapo hapana wa kumwona isipokuwa Mwenyezi Mungu, hapo hujulikana kwamba kazi ile ilikuwa yake mwenyewe.

Mwezi wa Septemba 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, aliwasili kwa Kavalli akitafuta askari. Huko Buganda alikuwa na watu wachache katikati ya vikundi vilivyokuwa tayari kupigana, na hapa palikuwa na jeshi zima lililofundishwa. Alitumaini kwamba watu waliochoka na kutengwa na dunia wangekubali mara moja.

Jibu la Salim halikuwa la mtu mwenye njaa. Alieleza kwamba yeye ni mtumishi wa Khediwi, kwamba amezeeka chini ya bendera yake, na kwamba hawezi kuingia katika utumishi wa bendera nyingine pasipo idhini ya bwana wake wa kwanza. Mgeni yule angeweza kumcheka. Khediwi alikuwa mbali sana, naye kwa barua zake mwenyewe alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba watakaobaki watabaki kwa hatari yao. Lakini Salim hakupima kiapo chake kwa umbali wa yule aliyemwapia. Majadiliano yalichukua siku kadhaa, kisha likapatikana sharti la heshima kwa pande zote mbili. Salim na watu wake wangefuatana na Lugard na kufanya kazi kwa Waingereza, na Lugard angemwandikia Khediwi kumwomba ruhusa, na neno la Khediwi lingefuatwa. Lugard hakuudhika. Aliona kwamba mtu asiyekubali kumwacha bwana wa jana kwa wepesi hatamwacha bwana wa leo kwa wepesi, na tangu siku hiyo alimheshimu.

Msafara ulioondoka mwezi wa Oktoba 1891 ulikuwa kama mji unaotembea. Askari wenye bunduki walikuwa karibu 600, na pamoja na wake zao, watoto, watumishi na wafuasi, watu wote walizidi 8,000. Wengi wao waliwekwa katika ngome mpya za Toro, kando ya mpaka wa Unyoro. Salim na askari wapatao 100 waliendelea pamoja na Lugard, wakafika Kampala siku ya mwisho ya mwaka 1891.

Katika Buganda walikuta nchi iliyogawanyika vikundi vitatu: Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu. Mwezi wa Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana katika vita vya Mengo. Baadaye mwaka huo Waislamu wa Buganda walifanya mapatano na Lugard, na mkuu wao Nuhu Mbogo, wa ukoo wa kifalme, aliletwa Kampala akae chini ya ulinzi wa Waingereza. Waislamu walipewa wilaya tatu ndogo, nazo ni Butambala, Gomba na Busujju. Waliona kwamba wamepewa kidogo kuliko haki yao, lakini waliweka silaha kwa kutegemea ahadi.

Lugard akaondoka Uganda katikati ya mwaka 1892. Mwezi wa Machi 1893 aliwasili Sir Gerald Portal kwa niaba ya serikali ya Uingereza, na mwezi wa Aprili bendera ya Kampuni iliteremshwa, ikapandishwa ya Uingereza. Mwisho wa Mei Portal naye aliondoka, akamwachia madaraka Kapteni Macdonald. Basi katika muda wa mwaka mmoja Salim alitumika chini ya wakubwa kadha wa kadha, na waliofahamu masharti aliyoingia nayo katika kazi walikuwa hawapo tena.

Mwezi wa Juni 1893 ugomvi kati ya Waislamu na Waprotestanti wa Buganda uliwaka tena, kwa ajili ya ardhi na kodi na utumishi kwa Kabaka. Macdonald alimfunga Juma, mmoja wa wakubwa wa Waislamu, na ikaonekana kwamba vita vi karibu. Salim wakati huo alikaa katika ngome ya Port Alice, mahali ambapo sasa ni Entebbe, naye alikuwa mgonjwa. Kutoka huko alimpelekea Macdonald ujumbe ulio wazi: kwamba hapendi Waislamu washambuliwe, na kwamba kama watu wa Mbogo watapigwa na Waprotestanti atahesabu kuwa amepigwa yeye.

Ujumbe huo ndio uliokatisha maisha yake ya kazi. Macdonald aliuona kuwa ni uasi. Wazungu waliokuwa pamoja naye walikuwa wachache sana, na jeshi lote la nchi lilikuwa la Wasudani, tena Waislamu. Aliwapanga askari wa Kampala gwarideni, bunduki za Maxim zikiwaelekea, akawaamuru waweke silaha. Waliziweka. Kisha alikwenda Port Alice, akamkamata Salim bila mtu yeyote kuinua mkono. Waislamu wa Buganda walishindwa, wakanyang'anywa wilaya mbili katika zile tatu, wakaachiwa Butambala peke yake. Mbogo alipelekwa Unguja, asirudi hata mwaka 1895. Salim alihukumiwa kuwa na hatia, vyeo vyake vikavunjwa, akaamriwa kuhamishwa pwani.

Hakufika. Mgonjwa mwenye mwili mzito alipelekwa katika safari ndefu ya nchi kavu, na mwezi wa Agosti 1893 alifariki dunia huko Naivasha, katika nchi ya Kenya ya leo, mbali na Nile na mbali na watu aliowaongoza kutoka Dufile. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Lugard alipopata habari hizo akiwa Uingereza alisikitika, akaandika hadharani kumtetea Salim kuwa mtu mwaminifu aliyedhulumiwa. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Mtu anayekusudia kuasi hapeleki habari kwa mkubwa wake kabla ya kuasi. Angekusudia hiana, angenyamaza, angepeleka wajumbe wa siri katika ngome za Toro walikokuwamo mamia ya askari wake, na angengoja usiku. Salim alifanya kinyume cha hayo yote. Alisema mapema, alisema kwa mkubwa mwenyewe, na baada ya kusema hakufanya lolote.

Lakini haki ya upande wa pili nayo isifichwe. Askari aliye kazini akisema kwamba bunduki yake itageukia huku au huko kwa hiari yake, mkubwa wake ana sababu ya kuogopa. Macdonald hakuwa pamoja na Salim kwa Kavalli, hakujua desturi yake ya kusema wazi mipaka ya utumishi wake, na hakuwa na siku nyingi za kutafakari. Pengine maneno yaleyale yangetamkwa kwa upole zaidi, au kwa mdomo badala ya ujumbe, mambo yangekwenda njia nyingine. Mwenye kusema ukweli kazini hulazimika pia kuchagua wakati na namna ya kuusema, na katika jambo hilo Salim, kwa ugonjwa au kwa hasira, alipungukiwa.

Hata hivyo maisha yake yote ni uzi mmoja. Alipokuwa chini ya Emin hakukubali kuwa mwasi kwa sababu wenziwe wameasi. Mbele ya jeshi la Mahdi hakukubali kuvunja kiapo kwa sababu ameitwa kwa jina la dini. Stanley hakumfanya awaache watu wake kwa ajili ya tarehe, wala Lugard hakumfanya aibadilishe bendera kama mtu abadilishavyo kanzu. Na chini ya Macdonald hakukubali kunyamaza wakati watu alioona wamedhulumiwa walipokaribia kupigwa. Wakubwa hao walikuwa wa namna mbalimbali, nao kila mmoja alimkuta Salim yuleyule.

Waliokuja baada yake walionyesha hasara ya kutosikiliza. Mwaka 1897 askari wa Kisudani wa Uganda, waliochoshwa na safari zisizokwisha na mishahara midogo iliyocheleweshwa, waliasi walipoamriwa kufuatana na Macdonald huyohuyo katika safari nyingine. Damu nyingi ilimwagika kwa Luba katika Busoga, na Major Thruston aliuawa. Miaka minne kabla yake palikuwa na mzee aliyejua kuyapeleka malalamiko ya watu hao kwa wakubwa kwa maneno. Wakati huu hakuwako.

Watoto wa askari wale walitawanyika hata Bombo, Entebbe na Kibera. West Nile ilipoingizwa katika Uganda mwaka 1914 na boma likajengwa Arua, Wanubi walikuwamo miongoni mwa askari na wachuuzi waliofuatana na utawala mpya, na kwa njia yao Uislamu ulienea Arua, Koboko na Aringa. Hivyo ukingo wa magharibi wa Nile, ambao Salim aliulinda kule Dufile, ulipata tena sauti ya adhana.

Leo walio wengi katika jamii hawabebi bunduki. Ni walimu, makarani, wauguzi, madereva, wafanya biashara, mafundi. Kila mmoja ana mkubwa juu yake, na kila mkubwa anataka kitu zaidi ya kazi: anataka mtu afanane naye, acheke anapocheka, na anyamaze anapokosea. Mshahara hununua saa za mtu na ujuzi wake, na hizo ni haki ya mwajiri, zitolewe kamili pasipo kupunguzwa, kama Salim alivyozitoa hata pale kwa Kavalli asipoonwa na mtu. Lakini neno la mtu halimo katika mshahara. Anayeingia kazini na akalieleza neno hilo tangu siku ya kwanza, kwa adabu na kwa wazi, huenda akakawia kupanda cheo, na huenda akapata hasara kama aliyoipata Salim. Lakini hatakuwa mgeni kwa nafsi yake, wala waliomtumaini hawatauliza ni mtu gani huyu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Salim Bey, na awarehemu wote waliosafiri pamoja naye, na wale wenyeji waliodhulumiwa na bunduki za ngome, na atujaalie sote kutimiza amana. Amin.